Mnaogopa eksirei, vyuma je?

Nafanya kazi chumba cha eksirei, na swali ninaloulizwa kuliko yote, kuliko hata "majibu yanatoka saa ngapi", ni hili: hiyo mionzi haibaki mwilini? Mtu kaletwa na bodaboda mguu umekaa upande, hajauliza kama atatembea tena, anauliza mionzi. Akina mama wenye watoto ndo usiseme, kuna dada mmoja mwanae kaanguka kwenye mwembe mkono umevimba na anagoma kabisa mtoto asiingizwe, jirani kamwambia eksirei inaleta kansa na utasa bora akamkande maji ya moto nyumbani. Tulibishana pale mlangoni mpaka foleni nzima ikaingilia, kila mtu na daktari wake wa WhatsApp.

Siwacheki, maana mionzi ni kitu kisichoonekana, hakinuki, hakiumi pale pale, lazima mtu aogope. Shida yangu ni kwamba woga wetu umekaa kichwa chini miguu juu. Tunaogopa sana kile ambacho kina madhara kidogo na kinasimamiwa, halafu kile kinachoua kweli tunakiokota tunaweka mfukoni. Nasema mfukoni na simaanishi mafumbo, nitafika huko.

Tuanze na mashine. Ndani ya mashine ya eksirei hamna kitu chochote chenye mionzi, hamna poda, hamna jiwe, hamna dawa. Kuna tyubu isiyo na hewa, umeme wa makumi ya maelfu ya volti unasukuma elektroni zinaenda kugonga kibamba cha chuma, hapo ndo mionzi inatoka kwa muda mfupi sana, sehemu ya sekunde, basi imeisha. Ni kama tochi tu, ukizima mwanga haubaki umelala kwenye godoro. Umeme ukikatika, na mnajua unavyokatika, chumba changu ni chumba cha kawaida kabisa unaweza kutandika mkeka ukalala. Kwahiyo hapana, haibaki mwilini, wala wewe ukitoka pale humuambukizi mtu, mke wako anaweza kukukumbatia.

Haimaanishi haina madhara kabisa, ndo maana kuna vipimo. Mionzi inayopiga mwili inapimwa kwa milisieverti. Eksirei ya kifua ni kati ya 0.02 na 0.1 hivi. Sasa wewe hapo ulipo, bila kwenda hospitali yoyote, ardhi na mawe na hewa na chakula na anga juu vinakupa kwa wastani wa dunia kama 2.4 kwa mwaka. Yaani eksirei ya kifua hata tukiichukulia ile ya juu, ni kama wiki mbili za kuishi tu duniani. Na kuna sehemu asili yenyewe inatoa zaidi, watu wa Kwale pale Kenya wanaijua Mrima, kile kilima kina thoriamu kwenye udongo na watu wanaishi hapo miaka yote.

Ya kuulizia ni siti skani. Hiyo ni eksirei nyingi zinazozunguka mwili, ya kichwa inafika kama 2, ya tumbo inakwenda 8 mpaka 10. Piga hesabu mwenyewe, siti moja ya tumbo ni kama eksirei 100 za kifua. Ukiihitaji unaihitaji, ajali ya kichwa hamna kujadiliana, ila kinachonikera mimi ni hii tabia ya mgonjwa kupigwa siti hospitali moja, kahamia nyingine CD kaiacha nyumbani au imechubuka haisomeki, anapigwa tena, akipewa rufaa anapigwa tena, mgonjwa mmoja tumbo lile lile. Pesa imeenda na dozi ya mionzi imeenda. Tunza picha zako jamani kama unavyotunza hati ya kiwanja, na ukiandikiwa kipimo muulize daktari kama MRI au ultrasaundi haitoshi maana hizo hazina mionzi ya aina hii kabisa. Mara nyingine atakwambia haitoshi na atakuwa sahihi, ila uliza.

Na mwenye mimba sema mapema, hata kama hujawaambia nyumbani. Haimaanishi utafukuzwa. Eksirei ya kifua kwa mjamzito anayeshukiwa TB mionzi inayofika kwa mtoto ni kidogo mno, TB isiyotibiwa ndo itakayomdhuru. Tumbo na nyonga ndo tunafikiria mara mbili.

Halafu kuna wale wanaosema "kama haina shida mbona nyie mnakimbilia nyuma ya ukuta". Swali zuri. Wewe unapigwa leo pengine hurudi tena miaka mitano, mimi nipo hapa kila siku kwa watu hamsini, sitini. Nikisimama karibu yako kila mara kile kidogo kinajumlishwa na kujumlishwa. Kiwango kilichowekwa kimataifa kwa mfanyakazi ni milisieverti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote mmoja usivuke 50. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1 kwa mwaka, ukiacha ile ya asili na ya matibabu yake mwenyewe. Ndo maana kuna ukuta mnene, kioo chenye risasi, ile metali nzito sio ya bunduki, na kile kibeji mnachoona nimebana kifuani ambacho wengine mnadhani ni kitambulisho. Ndani yake kuna vipande vidogo vya fuwele, mionzi ikipita inaacha nguvu imehifadhiwa humo, baadae wakivipasha moto kwenye mashine vinatoa mwanga, wingi wa mwanga ndo dozi yako. Hapa Tanzania vinasomwa na watu wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Kuna stafu beji yake inaishi kwenye droo, majibu yakija anasifiwa hana dozi hata kidogo. Droo ndo haina dozi.

Walio hatarini zaidi hospitalini kusema kweli sio sisi wa chumbani, ni wa thieta, chumba cha upasuaji. Daktari wa mifupa anapigilia chuma mguuni huku anaangalia skrini moja kwa moja, mguu wake upo kwenye pedo, dakika zinakwenda na vidole vyake viko mle mle kwenye njia ya mionzi. Na inayompiga mwili mzima haitoki kwenye tyubu moja kwa moja, inatoka kwa mgonjwa, mionzi ikigonga mwili inatawanyika pande zote. Gauni la risasi amevaa, sawa, macho je? Mwaka 2011 wataalamu wa kimataifa wa kinga ya mionzi walishusha kiwango cha jicho kutoka 150 mpaka 20 kwa mwaka kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa anatokea kwa dozi ndogo kuliko walivyodhani. Miwani ya risasi ipo, ila thieta ngapi mmeiona? Muuguzi anayeshika taulo akirudi nyuma hatua mbili tu amejisaidia sana, na hatua hazinunuliwi.

Kuna kitu kitawashangaza, wagonjwa wengi wanadai wafunikwe kiunoni na ile aproni nzito, na sisi tulifundishwa hivyo. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia tiba cha Marekani kikashauri tuache kufanya hivyo kimazoea, kwa sababu mashine za sasa zina macho yake, aproni ikiingia kwenye picha mashine inadhani mtu ni mnene inaongeza mionzi, na mara nyingine inaficha kilekile tunachokitafuta. Kwahiyo ukiona hujafunikwa usianze kugomba.

Woga wenyewe wala sio wa bure, una historia. Mwanafizikia Mjerumani Röntgen aligundua mionzi hii mwezi Novemba 1895 na mwaka uliofuata tu dunia nzima inapiga picha mifupa kwenye maonyesho, hamna ukuta hamna nini. Clarence Dally aliyekuwa msaidizi wa Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, alikuwa anajipima mashine kwa mkono wake mwenyewe, wakamkata mikono, akafa 1904. Tuliyo nayo leo, kuta na beji na viwango, yamelipiwa na watu kama hao. Hospitali ikifuata taratibu, mashine ni kitu kinachoeleweka.

Sasa tuje kwenye kisichozimika.

Mtaani kwangu kuna jamaa ananunua vyuma chakavu, mizani imening'inia pale nje, betri, masufuria, injini za pikipiki. Siku moja ananiita, "kaka wewe si mtu wa eksirei, kuna jamaa kaniletea dili la mashine mbovu ya eksirei nimeikataa, mimi na kansa hapana." Nikamwambia hiyo ungechukua tu, ile ni bati na waya na mafuta, mafuta yake ndo usiyachezee, ila mionzi hamna. Nikamuuliza, akija mtu na kitu kama chungu cha chuma, kidogo hivi, ila kizito mpaka kinabebwa na watu wawili? Akaniangalia, akasema, "hiyo itakuwa risasi ndani, risasi ina bei, nachukua."

Ndugu zangu, hicho ndo kinaua. Kuna mashine ambazo hazitumii umeme kutengeneza mionzi, zina kipande cha madini yenye mionzi ndani, kobalti-60, seziamu-137, iridiamu-192. Kimefungiwa kwenye risasi nene, kikiwa humo hakimsumbui mtu. Lakini hakizimwi. Hakina swichi. Unaweza kung'oa waya zote, kampuni ikafilisika, jengo likabomolewa, mlinzi akafa, chenyewe kinaendelea. Seziamu inachukua miaka 30 nguvu yake kupungua nusu. Miaka 30 yaani mtoto aliyezaliwa siku kinafungwa ana familia yake na kile kitu bado kina nusu ya nguvu.

Yaliyotokea Goiânia kule Brazili mwaka 1987 nadhani kila mnunuzi wa skrepa Afrika Mashariki angesimuliwa. Kliniki ya mionzi ya kansa ilihama jengo, mashine moja ya seziamu ikabaki pale kwenye magofu huku watu wanavutana mambo ya umiliki. Tarehe 13 Septemba vijana wawili wakaingia kusaka vyuma, wakang'oa kichwa cha mashine wakakisukuma kwenye toroli mpaka nyumbani. Siku hiyohiyo wakaanza kutapika, wakadhani ni chakula. Mmoja akatoboa kile kifuko cha ndani kwa bisibisi. Baadae wakakiuza kwa mwenye yadi ya skrepa, na usiku yule mwenye yadi akaona kinatoa mwanga wa bluu. Mwanga mzuri sana, akadhani ni kitu cha thamani au cha miujiza, akakiingiza ndani. Akaita ndugu, majirani, marafiki waje waone. Ilikuwa poda, ina chembechembe kama za mchele, akawa anawagawia, kuna waliojipaka mwilini ing'ae. Kaka yake akapeleka nyumbani kwake, binti yake wa miaka 6 akaichezea sakafuni halafu akala yai kwa mikono ileile.

Aliyewaokoa ni mke wa mwenye yadi. Madaktari wanasema mzio, wanasema ugonjwa wa kitropiki, yeye akaona mbona kila aliyegusa kile kitu anaumwa. Tarehe 28 akakitia kwenye mfuko, akapanda basi, basi la abiria, akiwa na mfanyakazi mmoja kabeba begani, mpaka ofisi ya afya, akamwambia daktari hiki kinaua watu wangu. Kesho yake mwanafizikia akaazima mita ya kutafutia urani, akaiwasha akiwa bado mbali, ikapiga mwisho kabisa, akadhani imeharibika akarudi kuchukua nyingine. Ya pili nayo ikapiga mwisho.

Watu 112,000 walipimwa, wengine wamepanga foleni uwanja wa mpira, 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi. Wanne walikufa ndani ya wiki chache, yule binti, yule mama mwenyewe aliyebeba mfuko, na vijana wawili wa yadini waliokuwa wanapasua risasi. Mtoto anazikwa kwenye jeneza la risasi na kuna watu wa mji wanapinga kwa mawe asizikwe pale. Nyumba zikabomolewa, udongo ukachotwa. Kutoka kwenye toroli moja.

Na sio peke yake. Huko Ciudad Juárez, Meksiko, mwisho wa 1983, mashine ya kobalti iliyokaa stoo ya hospitali bila hata kutumika iliuzwa skrepa, vidonge vyake vidogo maelfu vikamwagika vikachanganyika na chuma, chuma kikayeyushwa, kikawa nondo na miguu ya meza. Nondo! Hamna aliyejua mpaka Januari 1984 lori lililobeba nondo hizo lilipopita karibu na maabara ya nyuklia ya Los Alamos kule Marekani kengele zikalia. Nyumba zilizojengwa na zile nondo zikabomolewa. Thailand 2000 kobalti nyingine yadini, watatu wakafa. Delhi 2010 mashine ya chuo kikuu ilipigwa mnada na vitu vingine vya zamani, ikaishia soko la skrepa la Mayapuri, mmoja akafa. Hadithi ni moja tu inabadilisha nchi: kitu cha zamani, kiko stoo, hakuna anayekumbuka ni nini, kuna mtu ana shida ya hela.

Hapo nimesema ya hospitali. Viwandani ndo viko vingi na vinatembea. Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea, kafanya miradi ya mabomba na matanki, anawajua wale jamaa wanaokuja usiku watu wakishaondoka, wanazungushia utepe, wana boksi zito la mkono wanaliita kamera. Ndani kuna iridiamu-192, kipande hakizidi punje ya mahindi. Wanafunga filamu upande mmoja wa bomba, upande mwingine wanakizungusha kwa mkono kwenye waya mrefu kinatoka kinasimama kwenye ungio, mionzi inapita kwenye chuma, wanakirudisha, wanasafisha filamu wanaona kama weldi ina tundu au ufa. Kazi nzuri na ya lazima, hamna anayetaka bomba la gesi lenye ufa. Tatizo ni pale waya unapoachia na kile kipande kinabaki nje, na mtu anabeba boksi lake anaondoka akidhani kimo ndani. Ndo maana mita inatakiwa isogezwe mpaka kwenye boksi kila baada ya picha, kila picha, hata kama umechoka na mvua inanyesha.

Peru, Februari 1999, mradi wa umeme wa maji sehemu inaitwa Yanango. Fundi wa kuchomelea aliokota kichuma kinachong'aa chini, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali, akaendelea na kazi masaa kadhaa. Paja likaanza kuuma, akaenda nyumbani, akaambiwa ni mdudu kamng'ata. Suruali ikawekwa chini, mkewe akaikalia ananyonyesha mtoto. Mpiga picha za mionzi wa mradi alishtuka usiku alipoona filamu zake zote tupu. Walimfuata nyumbani wakakitoa, ila mguu haukupona, ulikatwa.

Kwa nini masaa machache tu? Hesabu ya umbali ndo inaeleza. Chanzo cha iridiamu, yaani kile kipande, cha ukubwa wa kawaida kwenye kazi hizo, ukiwa mita 1 kinakupa kama milisieverti 130 kwa saa. Kiwango changu mimi cha mwaka mzima kinaisha dakika tisa. Ukirudi mita 10 inashuka mara 100, inabaki 1.3. Ukisogea mpaka sentimita 1, yaani mfukoni, inapanda mara elfu kumi kuliko pale mita 1. Elfu kumi. Nilimchorea shemeji hii kwenye karatasi akanyamaza, akauliza, "kwahiyo ule utepe sio wa kutusumbua tu?" Sio wa kuwasumbua shem, ule utepe ndo kinga yenyewe, maana hewa na umbali havihitaji bajeti.

Afrika tunayo yetu pia. Moroko 1984, Mohammedia, kwenye ujenzi wa kituo cha umeme, kibarua aliokota chanzo cha iridiamu akaenda nacho kwake, wakafa watu nane. Madaktari walikuwa wanaona watu wanatoka damu mapafuni, wakafikiria sumu. Misri 2000, kijiji cha Meet Halfa, mkulima kaokota chanzo kingine cha iridiamu kadhani ni madini ya thamani, akakiweka ndani, akafa yeye na mwanae wa miaka 9. Huyu wa mwisho ndo ananiuma zaidi kwa sababu nawajua watu kama yeye, na wewe unawajua, ukiona kitu kinang'aa barabarani nani asiyeinama?

Nyingine ambayo watu hawaijui ni barabarani. Wale mafundi wa maabara wa makandarasi wana kimashine cha njano cha kukaa chini kinapima lami na udongo vimeshindiliwa vizuri, wengi wanakiita Troxler kwa jina la kampuni. Kina seziamu na amerisiamu. Kikitumika vizuri hakina shida, nguvu yake ndogo ukilinganisha na ile kamera, ila nimeona kinasafirishwa nyuma ya pikapu bila hata kufungwa na mtu kakikalia. Australia Januari 2023 walipoteza kidonge cha seziamu cha milimita 8 kwa 6 kutoka kipimo cha mgodini, bolti ililegea kwa mtikisiko wa barabara kikadondoka kwenye tundu la bolti, wakatafuta barabara ya kilomita 1,400 wakakipata. Wao wana magari ya kutafutia na walijua kwamba kimepotea. Kujua kwamba kimepotea ndo nusu ya kazi.

Sheria tunazo. Tanzania kuna Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003, ndo iliyoweka Tume, na huwezi kuingiza, kutumia wala kutupa chanzo bila leseni. Kenya wana mamlaka yao kwa sheria ya 2019. Ninachoomba mimi ni kwa wenye stoo, mahospitali ya zamani, viwanda vya saruji na bia na karatasi vilivyobadilisha wenyewe mara tatu: nenda kaangalie ule mlango ambao hakuna mwenye funguo. Kile kifaa cha kupimia chenye chanzo ndani kilichofungwa kwenye bomba miaka hiyo na mzungu aliyeondoka, kiko wapi sasa hivi? Ukinunua kiwanda unanunua na hicho.

Alama mnaifahamu, duara dogo na mapanga matatu, nyeusi kwenye njano. Au mnadhani mnaifahamu, kwa sababu ilionekana wengi hawaelewi kwamba ni hatari. Ndo 2007 ikaongezwa nyingine, iliyojaribiwa kwanza kwa watu wa nchi 11 na Kenya ikiwemo, pembetatu nyekundu, ina mionzi inashuka, fuvu, na mtu anayekimbia. Hiyo haibandikwi mlangoni, inabandikwa kwenye kifaa chenyewe karibu na chanzo, mara nyingi utaiona ukishaanza kufungua. Ukiiona na grainda mkononi, zima grainda, fanya kama yule mtu anayekimbia. Yule jirani yangu wa skrepa nilimpa tatu za kukumbuka: kizito kuliko ukubwa wake, kina alama yoyote kati ya hizo hata iliyofutika nusu, au aliyekileta hajui kilikuwa kinafanya kazi gani. Usikate, usipige moto, usikipeleke popote kwenye gari, sogeza watu mbali, mita 30 na kuendelea, halafu piga polisi na Tume. Akaniuliza hela ya risasi atalipwa na nani. Sikuwa na jibu zuri, na nadhani serikali ikitaka hivi vitu virudi ifikirie hilo swali lake.

La mwisho ni kwa wenzangu wa OPD, wanaopokea wagonjwa wa nje, na zahanati, kwa sababu ukisoma visa vyote hivyo kuna mfanyakazi wa afya aliyesema mdudu, mzio, sumu. Akija mtu ana kidonda kama cha moto kwenye paja, kiganja au kifua na anaapa hajaungua, kimeanza wekundu kikafanya malengelenge siku kadhaa baadae, muulize anafanya kazi gani na ameokota nini. Wakija wa nyumba moja wanatapika, wengine nywele zinatoka, muulize kuna kitu gani kipya kimeingia ndani. Aliyepigwa na mionzi ya kipande kilichofungwa hana mionzi ya kukuambukiza, mguse, mpe maji, mtibu. Ikiwa ni poda, kama ya Goiânia, vaa glovu na barakoa, mvue nguo zote taratibu bila kuzikung'uta, hapo uchafu mwingi umeshaondoka, aoge maji ya uvuguvugu na sabuni bila kujisugua mpaka achubuke, asile wala asivute sigara kabla hajaoga. Nguo ziingie kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ufungwe uwekwe mbali na watu na jina lake juu, mpaka wenye mita wafike.